Miwani ya Jua: Tafuta Kinga Kwanza, Rangi Baadaye

Kwenye minada yetu ya Simiyu, wengi huchagua miwani ya jua kwa weusi wa kioo, wakiamini kadiri kinavyozidi kuwa cheusi ndivyo macho yanavyozidi kuwa salama. Imani hiyo inaumiza watu. Nyuma ya kioo cheusi mboni hutanuka kutafuta mwanga. Kama kioo hakizuii mionzi ya urujuanimno, mionzi hiyo huukuta mlango wazi. Ndiyo inayochangia mtoto wa jicho na kinyama kinachoota juu ya jicho.

Kwa hiyo tafuta kwanza alama ya UV400, yaani lenzi inazuia mionzi hiyo hadi nanomita 400. Hata lenzi isiyo na rangi inaweza kuwa na kinga hii. Ukiitilia shaka alama, duka la miwani lenye kipimo litakuhakikishia papo hapo.

Sasa rangi. Mchukue mwendesha baiskeli, mchezo unaopendwa sana huku Usukumani, akifanya mazoezi barabara ya Bariadi kwenda Lamadi. Kukiwa na mawingu mazito ya masika, njano humsaidia kuona shimo mapema. Usiku asiivae, kwani hupunguza mwanga ambao tayari ni haba. Jua likiwaka, kahawia hupunguza bluu, na changarawe hujitenga vizuri na lami. Mkimbiaji wa saa sita mchana atafaidi kijivu, kisichogeuza rangi za vitu. Kwa jua letu, daraja la 3 la weusi wa lenzi, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linatosha. Daraja la 4 ni jeusi mno, usiendeshee chombo.

Anayepiga kasia ziwani, upande wa Busega, anahitaji lenzi za polaraizi, zinazokata mng'ao wa maji. Zijaribu hivi: zishike mbele ya skrini ya simu, uzizungushe polepole. Kwa simu nyingi, skrini itafifia.

Mwisho, fremu. Barabara ya Lamadi kwa jumla inaelekea kaskazini: asubuhi ukienda, jua liko kulia, jioni ukirudi, liko kulia tena. Mwanga wa pembeni haujali rangi ya lenzi. Kabla ya kulipa, vaa miwani, inama kama umeshika usukani, geukia jua kwa ubavu. Mwanga ukipenya pembeni, omba nyingine.