Chai ya Ofisini na Imani ya Mkristo

Tunapotembelea sharika kukagua miradi, swali ambalo kamati hutuuliza pembeni, kikao kikishafungwa, si la saruji wala mabomba. Ni hili: tukiombwa "chai" ili karatasi yetu isogee, tufanyeje? Kisima kinasubiriwa, fedha ya mfadhili ina muda wake, na akina mama bado wanachota mtoni.

Rushwa hii si ngeni. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa, ilitofautisha wanaopokea kidogo kwa sababu mshahara hautoshi na wakubwa wanaopokea kwa tamaa tu. Tofauti hiyo hutusaidia kumwelewa karani; haituruhusu kumpa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Wala haiishii kwenye ofisi za serikali. Mtunza hazina wa usharika anayepokea "asante" ya mwenye duka la vifaa ili amnunulie yeye mabati naye anaguswa, kwa kuwa anatumia mali ya waliomtuma.

Wengine hutuambia kwamba kumpa mtu kitu ni mila yetu, mgeni haji mikono mitupu. Ni kweli, na ni mila nzuri. Lakini hoja hiyo ilishajaribiwa: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Sisi tunapima hivi: ukarimu hufanyika mbele za watu na haudai huduma. Kinachopitishwa chini ya meza kabla ya saini kina jina lingine.

Je, Mkristo ajitenge na ofisi hizi? Tusome Luka 3. Watoza ushuru na askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wa kwanza wasitoze zaidi ya kilichoamriwa, na wa pili wasiwanyang'anye watu na waridhike na mishahara yao. Danieli naye alikubali shule ya Babeli, hata jina la Kibabeli, akakataa chakula cha mfalme. Na hata hapo hakugombana na msimamizi, aliomba majaribio ya siku kumi. Alijua la kukubali na la kukataa, tena akakataa kwa adabu. Baadaye adui zake walipochunguza utumishi wake hawakupata kosa (Danieli 6). Tunapenda kuhubiri habari za simba, lakini vitabu vyake vya hesabu havipati mahubiri.

Hatutawaficha wafadhili wetu kwamba kukataa kunagharimu. Usharika mmoja tunaoufahamu ulikataa kutoa "cha kuharakisha" na ukasubiri kibali kwa miezi kadhaa, bei ya saruji ikapanda, na baadhi ya waumini wakailaumu kamati. Kibali kilipatikana baada ya wajumbe kwenda watatu pamoja, kila mara na barua yenye tarehe, na kuomba jibu kwa maandishi. Kwenda watatu ni hekima ya kawaida: ni vigumu kumnong'oneza mtu mbele ya mashahidi wawili. Na mahali ombi la rushwa likiwa wazi, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Ila tusiwatazame makarani peke yao. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo vijana wetu huikariri kabla ya kipaimara, inapoeleza amri ya saba hutaja pia hila za biashara. Fundi akiombwa aandike risiti ya mifuko 60 wakati imeletwa 50, hiyo ni hila, hata kama ile 10 imekwenda kwenye jiko la mchungaji. Vivyo hivyo posho ya kikao ambacho hakikukaa.

Kwa sababu hiyo, kamati zinazotuletea taarifa za robo mwaka ziambatanishe risiti halisi na nukuu za bei tatu, na hesabu zisomwe kwanza ibadani, wachangiaji wenyewe wakisikia. Mahali palipocheleweshwa kwa kukataa rushwa, andikeni hivyo wazi katika taarifa. Tutawaeleza wafadhili sababu, na tutaomba muda uongezwe.