Mdandu: Wewe ni Msafi, Nadhifu, Smati au Bishoo?

Unaweza kutoka geto umenyuka pamba za maana, ukajiona Mdandu yote, huku Njombe, ni ya kwako, kumbe masela wa kijiwe cha bodaboda wameshakupa cheo: "Huyo? Msafi tu." Yaani umeoga, umefua, basi. Hujatukanwa, ila usitambe.

Ukitaka kupanda daraja, washa pasi ya mkaa. Nadhifu ni yule kola imelala, vifungo vimetimia, kucha fupi, kachomekea vizuri. Swaga anaweza asiwe nayo, lakini kasoro humkuti nayo.

Mtihani upo kwenye smati, maana hapo unaulizwa unaenda wapi. Suti kali ya harusini ukiingia nayo shamba la viazi, umegeuka kichekesho. Halafu huku kwetu kuna baridi. Juni na Julai umande wa Njombe unaweza kuganda kabisa, sasa hiyo tisheti yako ya Kidar nani ataiona? Mkoa huu jaketi ndilo linalokupigia kampeni. Ndiyo maana wajanja, belo la mtumba likifunguliwa Makambako, hawakimbilii modo. Wanadaka jaketi, wanapandisha zipu na kuishusha, wanageuza kwapa, wanachungulia bitana, ndiyo wanataja bei. Likikaa vizuri mabegani, mwana yuko smati hata kama ndani kavaa fulana ya uchaguzi.

Mtanashati ni smati aliyeongeza mwenyewe: nywele zimechongwa, mwendo umetulia, salamu ya "kamwene" kwa wazee inatoka bila kulazimishwa. Hicho cheo hakiuzwi mnadani.

Chunga usipitilize, utaitwa bishoo. Huyo anafuta raba kila hatua tatu kwenye barabara ya vumbi, na gunia la mahindi hagusi eti litamchafua. Sharobaro naye ni jirani yake. Enzi za mchekeshaji Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Tanga Novemba 2012, madogo kibao walijiita hivyo kwa kujidai. Leo ukiitwa hivyo, angalia kwanza kama wanacheka.

Na mama akikuambia u mtanashati, usihesabu, hiyo kura ya nyumbani. Subiri aseme konda anayekudai nauli.