Ugali wa Dona Nao Huhesabiwa

Mtu akiambiwa ana kisukari, kitu cha kwanza kuhamishwa mezani ni kopo la sukari. Soda hupigwa marufuku, wajukuu huonywa wasimpe babu keki. Asubuhi babu huyo huteremsha chapati tatu kwa chai yake isiyo na sukari; mchana hula ugali mkubwa na dagaa wachache, na usiku wali. Akifika kliniki kipimo kinasoma 14 (mmol/L), na nyumba nzima inabaki kuulizana sukari hiyo imetoka wapi, wakati kopo lilishafungiwa kabatini.

Imetoka kwenye chapati, ugali na wali. Wanga, uwe wa mahindi, mchele, ngano, muhogo, kiazi au ndizi mbichi, umejengwa kwa glukosi nyingi zilizoungana. Mate huanza kuutenganisha mdomoni, utumbo mwembamba humalizia, na glukosi hiyo huingia kwenye damu. Kwa mwenye afya, kongosho hutoa insulini ya kutosha, na saa mbili baada ya kula sukari kwa kawaida huwa imerudi chini ya 7.8. Mwenye kisukari cha aina ya pili ana insulini, lakini haitoshi au mwili hauiitikii ipasavyo. Wa aina ya kwanza hana kabisa au anayo kidogo mno, ndiyo maana anaishi kwa sindano. Wote wawili hawana budi kuuangalia wanga, si sukari ya kopo peke yake.

Jambo hili halikuwa wazi tangu zamani. Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe walifundisha kwamba sukari ya mezani hupandisha sukari ya damu upesi na vyakula vya wanga huipandisha taratibu. Fundisho hilo liliaminika kwa sababu lilionekana la akili. Mwaka 1981 watafiti nchini Kanada walichapisha matokeo ya kulipima. Walichukua vyakula na sukari za aina 62, wakawalisha watu wenye afya walioamka bila kula, kila mlo ukiwa na gramu 50 za wanga, kisha wakawachoma kidole kupima damu mara kadhaa kwa muda wa saa mbili. Glukosi tupu ikapewa alama 100, vyakula vingine vikalinganishwa nayo. Mkate mweupe, viazi na wali mweupe vilipandisha sukari kuliko sukari ya mezani yenyewe. Maharage na dengu vilikuwa chini sana, karibu na alama 30.

Kumbe si suala la utamu mdomoni. Linaloamua mwendo ni jinsi wanga ulivyofungwa ndani ya chakula. Kwenye punje ya haragwe, wanga umezungukwa na kuta ngumu za mmea, nyuzinyuzi na protini, na mwili huchukua muda kuufikia. Saga punje mpaka iwe unga laini, na kuta hizo zimevunjwa. Ni kama kuni: gogo la mwembe huwaka usiku kucha, lakini ukilipasua vijiti huisha kabla maji hayajachemka.

Hapa napenda kubishana kidogo na ushauri uliozoeleka mitaani kwetu. Mgonjwa huambiwa, "Acha sembe, kula dona. Kula ulezi, uwele, mtama." Ushauri si mbaya. Dona limebaki na pumba na kiini, kwa hiyo lina nyuzinyuzi na vitamini nyingi kuliko sembe, na linashibisha zaidi. Lakini wengi wameusikia kama ruhusa ya kula bila kipimo. Katika gramu 100 za unga mkavu, dona na sembe vyote vina wanga unaokaribia au kuzidi gramu 70. Tofauti ipo, ila si kubwa kiasi cha kufuta ukubwa wa ugali. Mtu aliyetoka kwenye sembe kidogo akahamia dona kubwa amejiongezea mzigo.

Uji ndio unaowaponza wengi zaidi. Ulezi ni nafaka nzuri, lakini ukisagwa laini kama poda, ukapikwa mpaka uwe mwepesi, ukanywewa kikombe kikubwa kwa haraka, hauna tena ile sifa ya punje nzima. Kuna na unga wa lishe wa nafaka saba au nane, unaouzwa kwa jina la "dawa ya sukari", kisha unatiwa asali kwa imani kwamba asali haina madhara. Asali ni glukosi na fruktosi. Damu haijali kwamba ilitoka kwa nyuki. Na soda ya mililita 350 hubeba sukari inayozidi gramu 35. Juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, humezwa kwa dakika moja ikiwa na sukari ya machungwa manne ambayo hakuna ambaye angeyamenya na kuyala yote kwa mpigo.

Ugunduzi mwingine ni wa karibu zaidi, nao nauona wa matumaini kwa sababu haugharimu chochote. Mwaka 2015 jaribio dogo lilifanywa kwa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Walikula mlo uleule kwa siku mbili tofauti: siku ya kwanza walianza na mkate na juisi, siku nyingine walianza na kuku na mboga, mkate ukafuata dakika 15 baadaye. Walipoanza na mboga na kuku, sukari yao baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Watu 11 ni wachache, lakini majaribio mengine yaliyofuata yameelekea upande huohuo. Mboga na protini huchelewesha tumbo kusukuma chakula mbele, na hivyo wanga huingia kwa awamu.

Chukua sahani ya wali maharage kwa mama lishe. Wali umejazwa, maharage upawa mmoja, mchicha kiasi cha kiganja. Gramu 100 za wali ulioiva zina wanga wa gramu 28 hivi. Sahani yenye gramu 400 inampa mlaji zaidi ya gramu 110, yaani zaidi ya mara mbili ya mlo wa wale wa Kanada. Dereva wa bodaboda mwenye kisukari hahitaji chakula maalumu cha dukani. Aseme tu, "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga," aanze na mchicha na maharage, wali amalizie.

Pwani kuna ugumu ambao vipeperushi vya lishe haviugusi. Vinachora sahani: nusu mboga, robo wanga, robo samaki au maharage. Familia inayokula kwenye sinia moja, nusu ya sahani yake ni ipi? Bibi anakula, na kila mkono wenye upendo unamsogezea wali. Heri apakuliwe mapema kwenye sahani yake ndogo, akae palepale mkekani na wenzake.

Watu huniuliza pia kuhusu kiporo. Ni kweli, wanga uliopikwa ukapoa hujifunga upya kiasi na hupandisha sukari pungufu kidogo. Lakini wali wa nazi uliolala bila friji kwenye joto letu ni hatari, na sitaki mtu aharishe kwa faida ndogo hivyo.

Zile alama za watafiti wa Kanada nazo zisiabudiwe. Tikiti maji lina alama ya juu, ilhali kipande kimoja kina wanga kidogo. Mafuta ya chipsi yanaweza kuchelewesha sukari bila kuzifanya chipsi kuwa chakula cha moyo wenye afya. Tena miili hutofautiana: utafiti mwingine wa 2015, uliofuatilia watu 800 kwa vifaa vya kupima sukari mfululizo, ulikuta chakula kilekile kikimpandisha mmoja na kumwacha mwingine tulivu. Mwenye glukometa na vijiti vichache vya kupimia asivimalize ovyo. Apime kabla ya mlo anaoula mara nyingi, apime tena saa mbili baada ya tonge la kwanza, aandike.

Tahadhari kubwa ni kwa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Mvuvi aliyechoma sindano, akapunguza chakula, kisha akavuta nyavu usiku kucha, sukari yake inaweza kushuka mpaka atetemeke, atoke jasho na kuchanganyikiwa akiwa katikati ya maji. Mwanafunzi wa bweni mwenye aina ya kwanza yuko kwenye hatari hiyohiyo chakula kikichelewa, na walimu wake wanapaswa kujua. Wote wawe na sukari mfukoni; dalili zikianza, wanywe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari hiyo kwenye maji, kisha wale chakula. Mwenye figo dhaifu asiongeze maharage na nyama kabla ya kuzungumza na daktari; mjamzito na anayetaka kufunga Ramadhani vilevile. Wala hakuna mboga inayompa mtu kibali cha kutupa dawa zake.

Siku ya kliniki usimwambie muuguzi kwamba unakula "vizuri". Mtajie idadi ya chapati, ukubwa wa ugali, vikombe vya uji na saa unazokula, maana dawa yako inapangwa kwa majibu hayo.