Kiazi Chenye Macho ya Umeme

Mwaka 1914, mjini Seattle, kampuni ya reli iitwayo Northern Pacific ilifungua jengo la kutayarishia vyakula vya treni zake. Juu ya paa ikasimamisha kiazi cha kizungu chenye urefu wa mita 12, na usiku macho yake yaliwaka taa za umeme. Kampuni hiyo hiyo ilijitangaza kuwa njia ya kiazi kikubwa cha kuoka, ikachapisha kadi za posta zenye picha yake na kugawa vitu vidogo vyenye umbo lake. Msomaji wa Butembo, anayekula viazi vya Lubero karibu kila juma na ambaye mji wake haujapata kuona reli, ana haki ya kuuliza kampuni ya mabehewa ilipata nini kwa kukitukuza kiazi hivyo. Hoja yangu ni kwamba sura vilizopewa matunda na mboga katika matangazo ya zamani ya reli hazikuchorwa kwa ajili ya mlaji, wala kwa ajili ya mkulima. Zilichorwa kwa faida ya msafirishaji mwenye mabehewa ya kujaza na, mara nyingi, mwenye ardhi ya kuuza.

Northern Pacific ilipewa kibali na serikali ya Marekani mwaka 1864, pamoja na ardhi kubwa ajabu, takriban hekta milioni 16, kama malipo ya kujenga njia kutoka Maziwa Makuu ya kule hadi pwani ya Pasifiki. Wenyeji wa ardhi hiyo, mataifa ya Wahindi Wekundu, hawakuulizwa kama wanataka kuitoa. Reli ilikamilika mwaka 1883, na hapo tatizo likajionyesha: ardhi isiyolimwa haina mzigo wa kupakia. Basi kampuni ikahitaji walowezi, na walowezi walihitaji sababu ya kuhama. Ndipo anapoingia Hazen Titus, msimamizi wa mabehewa ya chakula. Mnamo 1908 alipata habari kwamba wakulima wa bonde la Yakima walikuwa na viazi vikubwa mno, vingine vikizidi kilo moja, ambavyo wachuuzi hawakuvitaka na vikaishia kuliwa na nguruwe. Titus akavinunua, akavioka polepole, na mwaka uliofuata vikawa vinaliwa ndani ya treni kwa siagi, senti 10 kimoja. Mabehewa ya chakula ya reli za Marekani kwa kawaida yalikula hasara, na wakubwa wa reli waliikubali hasara hiyo kama gharama ya kujitangaza. Abiria aliyeshiba kiazi kile alianza kujiuliza kuhusu udongo uliokizaa. Akinunua shamba, mavuno yake yangesafirishwa na nani?

Machungwa yanaonyesha jambo hilo hilo waziwazi zaidi. Mwaka 1907 ushirika wa wakulima wa California uliungana na reli ya Southern Pacific kutangaza machungwa katika jimbo la Iowa, kwa treni zilizopambwa mabango. Ujumbe wao uliyahusisha machungwa na afya, na California na utajiri. Sehemu ya kwanza ya ujumbe huo ilimtafuta mnunuzi wa tunda. Ya pili ilimtafuta mhamiaji, na hiyo ndiyo iliyoeleza kwa nini reli ilitoa fedha zake. Mauzo ya machungwa Iowa yaliongezeka kwa karibu nusu, na mwaka 1908 jina la chapa yao, Sunkist, likazaliwa. Nchini Costa Rica mambo yalianza kinyumenyume: Minor Keith alikuwa akijenga reli kutoka mji mkuu hadi bandari ya Limón, kazi iliyoanza mwaka 1871 na kumalizika 1890 baada ya vifo vya maelfu ya wafanyakazi, naye akapanda migomba kando ya njia ili treni ipate cha kubeba. Kutokana na migomba hiyo ikatoka United Fruit, mwaka 1899, na mwaka 1944 kampuni hiyo ikampa mlaji wa Marekani ndizi ya kike iitwayo Chiquita, yenye kofia ya matunda na tabasamu.

Kuna atakayesema kwamba ninaufanya mzaha kuwa njama. Kiazi chenye macho kilichekesha watoto, ndizi iliimba redioni, na watu wakafurahi. Ni kweli walifurahi, na bila furaha hiyo tangazo lisingefanya kazi. Lakini angalia kile ambacho furaha ilikifunika. Desemba 1928 jeshi la Colombia liliwapiga risasi vibarua wa United Fruit waliogoma mjini Ciénaga. Miaka 16 baadaye mlaji alipokutana na ndizi, alikutana na Chiquita. Kibarua hakuwa na sura yoyote machoni pake. Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wizara ya Chakula ya huko ilikuwa na Daktari Karoti na kiazi aitwaye Potato Pete, wala hakukuwa na kampuni ya reli iliyotafuta walowezi. Je, hoja haianguki? Naona inasimama imara zaidi. Ngano iliingia Uingereza kwa meli, na meli zilikuwa zikizamishwa na manowari za Wajerumani. Viazi na karoti vililimwa nyumbani. Potato Pete alikuwa na kazi ya kupunguza shehena baharini. Safari hii pia tabia ya mboga ilibuniwa na yule aliyekuwa akihesabu nafasi ya kubebea mzigo, ijapokuwa alitaka kinyume cha kile alichotaka Titus.

Afrika Mashariki reli ilitangaza sura nyingine. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, iligharimu walipa kodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni tano, na Kamishna Charles Eliot akaamua kwamba njia ya kuilipia ni kuleta walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu. Bango maarufu la reli hiyo la mwanzoni mwa karne ya 20 liliwaita matajiri waje kukwepa baridi ya kwao, na liliwaahidi wanyama wa kuwinda na kuwatazama wakiwa ndani ya behewa. Mahindi hayakupewa nafasi, wala pamba, wala mkulima. Simba na kifaru wakapata sura kwa sababu mteja aliyetafutwa alikuwa mwindaji mwenye fedha. Ukitaka kumjua mteja wa reli, tazama ni nani aliyechorwa.

Kwetu reli ilikaribia bila kufika. Reli ya Vicicongo, yenye njia nyembamba ya sentimita 60, iliishia Mungbere mwaka 1937, kazi yake kubwa ikiwa ni pamba. Upande wa mashariki, njia ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Viazi, vitunguu, kabichi na maharage ya Lubero vikabaki vya kamyo, na ni wafanyabiashara Wanande waliovifikisha Kisangani katika miaka ya 1970 na 1980, kwa barabara ambazo wakati wa mvua zilizamisha magurudumu siku nzima. Biashara hiyo haikuhitaji kiazi kinachocheka. Mnunuzi alimjua mwenye kamyo, mwenye kamyo alimjua mama wa Masereka aliyejaza gunia, na gunia lililochanganywa viazi vilivyooza lilirudi kama lawama kwa mtu mwenye jina. Sura ilikuwepo tayari, ya binadamu.

Atajibu mtu kwamba uaminifu wa namna hiyo hauvuki mpaka, na kwamba ndiyo maana bidhaa zetu huuzwa mbali bila jina. Hapo ana haki. Kakao ya Beni nyingi hupita Kasindi kuingia Uganda, na ikishavuka huweza kuuzwa kama ya Uganda; mkulima hupoteza bei na sifa pamoja. Kwa hiyo sipingi chapa. Ninachotaka kiulizwe kabla ya kumlipa mchoraji ni nani atakayeandikishwa kuwa mmiliki wake. Kiazi cha Titus kilikuwa mali ya reli, na mwaka 1970 Northern Pacific ilipomezwa na Burlington Northern, wakulima wa Yakima hawakuwa na neno la kusema kuhusu jina walilolijaza. Sunkist ilitangazwa kwa fedha za reli pia, ila iliandikishwa kwa jina la ushirika, na hadi leo ni ya wakulima wa machungwa. Kwenye miteremko ya Ruwenzori, kahawa ya Kawa Kanzururu inauzwa kwa jina la ushirika wa wakulima wenyewe, na hiyo ndiyo njia ningependa kuona viazi vya Lubero na kakao ya Beni vikiifuata, mchoro uwe na macho au usiwe nayo.