Maji Katika Siku ya Mashindano

Nataka kueleza habari ya maji ya kunywa katika siku ya mashindano, na kwanza yanipasa kukiri kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Mwezi wa Februari mwaka huu timu yetu ya mpira ilialikwa na shule moja ya hapa Tanga kushindana na timu nyingine tatu. Tulipangiwa mechi tatu kwa siku moja, kila moja dakika 40. Ya kwanza ilikuwa saa tatu asubuhi, ya pili saa tano, na ya tatu saa nane, jua likiwa kali kabisa. Mimi nalikuwa nahodha. Mechi ya kwanza ilipokwisha wenzangu walilikimbilia dumu letu la lita 20, nami nikalikalia. Nikawaambia kama nilivyoambiwa na wakubwa wangu nilipokuwa kidato cha kwanza, kwamba mchezaji husukutua na kutema tu, kwani maji humjaza tumbo na kumtia uzito. Wakanitii.

Katika mechi ya tatu winga wetu wa kulia, kijana wa kidato cha pili, alianza kukimbilia upande usio na mpira. Tulimcheka. Kisha akamwuliza mwamuzi tunacheza na nani, na hapo hakuna aliyecheka tena. Akaanguka karibu na kibendera cha kona.

Mwalimu wetu wa Biolojia alituamuru tumbebe hadi kivulini, chini ya mwembe. Tukamvua viatu na fulana, tukammwagia maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, na maji hayo ni yale yale niliyomnyima asubuhi. Mwalimu alikataza asinyweshwe hata tone mpaka atakapoweza kutaja jina lake sawasawa, kwani maji ya mtu asiye na fahamu huweza kuingia mapafuni. Baadaye alichukuliwa hospitali akatiwa dripu, na siku ya tatu akarudi bwenini.

Sasa nieleze yaliyompata. Mtu akimbiapo, sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli yake hugeuka kuwa joto, na sehemu ndogo tu ndiyo humsogeza mbele. Joto hilo hutolewa hasa na jasho, si kwa kutiririka bali kwa kukauka juu ya ngozi. Nilipiga hesabu kwa daftari langu la Fizikia, nikaona kwamba lita moja ya jasho ikikauka huondoa joto la kutosha kufikisha karibu lita 8 za maji ya bomba kwenye mchemko. Lakini huku pwani hewa imekwisha jaa unyevu, basi jasho jingi hudondoka chini kabla halijakauka. Mchezaji hupoteza maji, na joto analibakiza.

Na maji hayo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka katika damu. Damu ikipungua, moyo hupiga mbio ili kuitosheleza misuli na ngozi pamoja, na ukishindwa, ngozi hukosa damu ya kuipoza, joto la mwili likapanda hata kuvuruga akili. Ndiyo maana winga wetu hakujua anacheza na nani.

Mwalimu alituazima mizani ya stoo, ile ya kupimia maharage, tukajipima kabla na baada ya mazoezi ya dakika 40, tukiwa na kaptura tu na jasho limefutwa. Mimi mwenye kilo 58 nilipungua gramu 800, na karibu zote ni maji. Mtu akipungukiwa na zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, nguvu na akili yake huanza kudhoofika. Asilimia 2 yangu ni kilo moja na ushei. Basi nikicheza mechi moja bila kunywa ninaweza kuimudu, lakini deni lake huhamia mechi ya pili, na la pili huhamia ya tatu. Siku ya mashindano si kama siku ya mechi moja, na hilo wakubwa wangu hawakuniambia.

Yafaa kunywa tangu jana yake pamoja na chakula, kisha kama nusu lita saa mbili kabla ya mechi. Anayetaka kujua hali yake na atazame haja ndogo: ikiwa kama maji yaliyotiwa ndimu, vema; ikiwa kama chai ya rangi, bado anadaiwa. Kati ya mechi na mechi anywe kidogo kidogo, ale na kitu chenye chumvi, maana jasho huondoka na chumvi. Madafu ni mazuri, ila chumvi yake ni kidogo.

Lakini asije mtu akashindana kunywa. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walionekana chumvi ya damu yao imeshuka mno. Wengi wao walikunywa hata wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walipoanza! Hali hiyo nayo huweza kuua.

Hata wakubwa husimama wanywe. Tarehe 29 Juni 2014, mjini Fortaleza, katika Kombe la Dunia, mwamuzi alisimamisha mchezo wa Uholanzi na Meksiko katika kila kipindi ili wachezaji wapoe. Waholanzi walikuwa nyuma kwa bao moja, wakafunga mawili baada ya mapumziko ya pili. Sisemi kwamba maji ndiyo yaliyofunga.

Wazazi wetu, mkitufungia sanduku muhula ujao, tieni chupa ya lita moja yenye kifuniko, kila mtoto na yake, kwani kikombe kimoja cha timu nzima huleta maradhi mengine. Nasi tumeomba mechi za mchana zisogezwe hadi saa kumi, na jibu tunalingoja.

Winga wetu ni mzima na anacheza. Dumu sasa analishika yeye.