Kuficha Jina Mtandaoni: Je, Ni Kusema Uongo?



Mabinti na akina mama wengi katika parokia zetu wanatumia mitandao ya kijamii kwa majina ya kubuni. Mahali pa sura zao wameweka picha ya ua au ya Bikira Maria. Wapo wanaowalaumu wakisema kwamba Mkristo mwema hana cha kuficha, na kwamba jina lisilo lako ni uongo unaokatazwa na Amri ya Nane. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini lawama hiyo si ya haki, na sisi wengine tunadaiwa nini na akina dada hao.

Susana na saa ya kutembea

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili waliokuwa waamuzi walimtamani Susana, mke wa Yoakimu. Walimtazama kila siku akitembea bustanini. Walijua kwamba hutembea adhuhuri, watu wakishaondoka. Basi wakajificha, wakangoja awe peke yake, kisha wakamtisha kwamba asipowakubali watamshuhudia uongo. Kabla ya tishio hilo walikuwa wameshakusanya mambo matatu: mahali, saa na mazoea yake.

Mtu anayemwandama mwanamke leo anakusanya mambo hayohayo kwa simu. Kwa kawaida, katika kundi la WhatsApp kila mwanakundi anaona namba za wenzake. Akiwa na namba, anajifanya anatuma pesa kwa simu, na jina la aliyesajili laini linatokea kabla hajathibitisha. Picha ya kwaya inamwonyesha sare na kigango. Ratiba ya mazoezi inamwambia siku na saa ya kurudi nyumbani. Kila kipande peke yake ni kidogo, lakini vikiunganishwa vinamfikisha mlangoni. Mwanamke anayeficha jina na sura anajaribu kuvitenganisha vipande hivyo.

Kunyamaza si kudanganya

Je, anatenda dhambi? Mtakatifu Augustino, ambaye hakuruhusu uongo hata kidogo, anatusimulia katika kitabu chake juu ya uongo habari za Firmus, askofu wa Tagaste. Askofu huyo alimficha mtu aliyekuwa akitafutwa na maofisa wa kaisari. Walipomuuliza, alijibu kwamba hawezi kudanganya wala hawezi kumtoa mtu huyo. Aliteswa asibadili neno. Mwishowe kaisari mwenyewe alistaajabia uthabiti wake, akamsamehe yule aliyefichwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafuata njia hiyo: uongo hauruhusiwi, ila ni halali kuuficha ukweli kwa busara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua, na kwamba usalama wa watu na heshima kwa faragha ni sababu za kutosha za kunyamaza. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa nayo inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake.

Vipi kuhusu jina la kubuni? Mwanafalsafa Kierkegaard alichapa vitabu kadhaa kwa majina ya kubuni, kikiwemo kile cha 1843 juu ya sadaka ya Abrahamu. Kila mtu anajua kwamba jina la mtandaoni si cheti cha ubatizo, kwa hiyo anayeliona hajaahidiwa jina halisi. Ni tofauti kabisa na kutumia jina la jirani yako, au kudanganya jina kwenye mkataba au kwa paroko anayeandaa ndoa.

Lakini huyo mwandamaji naye si anajificha? Ndiyo, na hapo tunakumbuka tulichojifunza darasani: uadilifu wa tendo hutazamwa katika tendo lenyewe, nia na mazingira. Mwizi na mtoto anayemkimbia mwizi wanaweza kujificha katika kichaka kimoja, na hatuwahukumu sawa.

Wajibu wetu parokiani

Mara nyingi anayemtafuta mwanamke si mgeni. Ni mchumba wa zamani, au mtu anayesali nasi. Atakuja kwa mseminari, katekista au mwalimu wa kwaya na sababu nzuri: anataka kuomba msamaha, ana mzigo wake. Jibu la Firmus linatufaa: “Namba yake si yangu kuitoa. Niachie yako, nitamfikishia.” Mwenye nia njema hapotezi chochote kwa jibu hilo.

Matangazo ya ndoa yanahitaji majina, hayahitaji namba za simu. Ratiba ya Jumuiya Ndogo Ndogo ibaki kwa wanajumuiya. Picha za mabinti zisisambazwe bila ridhaa yao, na kwa watoto bila ridhaa ya wazazi. Orodha za michango zenye namba zisitumwe kwenye makundi.

Dada akilalamika kwamba anaandamwa, tusikimbilie kuwakalisha pamoja “wasuluhishwe”. Kikao hicho kinampa yule mtu alichokitafuta: mahali na saa ya kumkuta. Usalama utangulie. Tumsikilize bila kumuuliza alivaa nini au aliandika nini. Atunze jumbe zote kama ushahidi, na mtu anayemwamini amsindikize polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana wanaokusanya taarifa za watu.

Susana aliokolewa kwa sababu kijana Danieli alikataa kuunyamazia uonevu, akawahoji wale wazee mmoja mmoja hadi uongo wao ukajulikana. Huko kusema kulihitajika. Kwa dada anayejificha, huenda kinachohitajika kwetu ni kufunga mdomo. Tumwombe Roho Mtakatifu atujalie busara ya kutambua wakati wa kila kimoja, na Mama Bikira Maria, aliyekimbilia Misri na Mtoto wake, awaombee wote wanaoishi kwa hofu.