Ovadraivu ikigoma, usikimbilie kushusha giaboksi

Katika soko la magari ya spoti ya zamani nchini Uingereza yako maneno matatu yanayoshusha bei kabla mnunuzi hajafungua hata boneti: ovadraivu haifanyi kazi. Muuzaji huyatamka kwa sauti ya chini, mnunuzi huyapokea kama habari ya msiba, kisha wote wawili hukubaliana kukata kiasi fulani cha fedha ambacho hakuna kati yao aliyekipigia hesabu. Wiki hii tunakipigia hesabu.

Wasomaji wetu walioko huko, na wale wenye jamaa huko wanaonunua gari moja moja kama kitega uchumi, wanajua kwa nini soko hili linavutia. MGB, iliyoundwa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, ilitoka kiwandani kwa idadi inayozidi magari 500,000, hivyo vipuri vyake si haba na mafundi wake hawajaisha. Triumph za TR4, TR5 na TR6 zina wapenzi wake, na Austin-Healey kubwa ziko juu zaidi kwa bei. Aidha, mtu binafsi anayeuza gari lake dogo kwa faida nchini Uingereza hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji, maana gari huhesabiwa kuwa mali inayochakaa. Anayefanya hiyo kuwa biashara yake ya kila siku hesabu yake ni nyingine.

Lakini tangu Mei 2018 magari mengi yaliyozidi miaka 40, kama hayakubadilishwa sana, hayalazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Maana yake ni kwamba mnunuzi anabaki na macho yake, masikio yake na fundi wake.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Magari haya yana gia nne za mbele, na kwenye barabara kuu ya leo gia ya nne huifanya injini ilie muda wote. Ovadraivu ni kisanduku kidogo kilichofungwa nyuma ya giaboksi, ambacho dereva hukiamuru kwa swichi bila kukanyaga klachi. Kwa nyingi za MGB na TR, ikiingia, gari huenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 22 kwa mizunguko ile ile ya injini. Aliyeibuni ni Edgar de Normanville, na kampuni ya Laycock ya Sheffield ndiyo iliyoitengeneza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ziko aina kadhaa, zinazotajwa kwa herufi: A iliyomo katika TR nyingi na Healey, D katika MGB za mwanzo, LH katika MGB za baadaye, na J iliyoingia kwenye TR6 mwaka 1973.

Ndani yake mna gia ya kati, gia ndogo zinazoizunguka, na gia ya duara yenye meno upande wa ndani. Klachi yenye umbo la pia ndiyo inayoamua. Springi zikiisukuma nyuma, kila kitu huzunguka pamoja na gari huenda kwa gia ya kawaida. Pampu ndogo ikisukuma oili kwa nguvu ya kutosha kuzishinda springi hizo, klachi huenda mbele, hushikwa na pete isiyozunguka, gia ya kati husimama, na mwendo huongezeka. Kinachofungua njia ya oili ni valvu, na kinachoivuta valvu ni solenoidi, yaani sumaku ya umeme. Umeme huo hupita kwenye swichi ya dereva na swichi nyingine juu ya giaboksi, inayozuia ovadraivu isiingie katika gia zisizotakiwa.

Basi mlolongo ni huu: umeme, oili, kisha chuma. Bei ya matengenezo nayo hupanda kwa mpangilio huo huo. Umeme ni senti, oili ni pesa ndogo, chuma ni maumivu. Fundi anayeanza na chuma ama hajui kazi ama anaijua sana.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kuwasha injini. Fungua swichi ya gari, ingiza gia ya nne, kisha washa swichi ya ovadraivu na usikilize chini ya sakafu. Panapaswa kusikika mlio, "ko", na katika aina ya A mlio huo ni mkubwa kiasi kwamba hata aliyesimama nje atausikia. Ukiukosa, tatizo kwa kiasi kikubwa ni umeme. Angalia fyuzi, angalia waya wa athi, angalia viungio vya waya vilivyoota kutu. Chukua taa ya majaribio uone kama umeme unafika kwenye solenoidi. Mwisho, vuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye solenoidi. Ikilia hapo, solenoidi ni nzima na mchawi yuko kati ya swichi na sakafu. Swichi ile ya juu ya giaboksi ndiyo ninayoishuku kwanza, hasa ovadraivu inapoingia na kutoka kila gari linapopita kwenye shimo.

Katika aina ya A kuna jambo moja linalowagharimu watu solenoidi baada ya solenoidi. Solenoidi yake ina koili mbili: moja ya kuvuta, inayokula karibu ampea 15 hadi 20 kwa kufumba na kufumbua, na nyingine ya kushikilia, inayokula ampea 1 au 2 tu. Koili kubwa hukatwa pale tu kifimbo kinapofika mwisho wa safari yake. Mkono unaosukuma valvu ukiwa haukupangwa sawasawa, kifimbo hakifiki, koili kubwa inabaki na umeme, na baada ya muda mfupi unasikia harufu ya kuungua. Mwenye gari ananunua mpya, inaungua nayo, analaani waliotengeneza. Kumbe dawa ni ncha ya keekee yenye unene wa inchi 3/16. Upande wa kulia wa ovadraivu pana mkono mdogo wenye tundu, na nyuma yake pana tundu lingine kwenye ganda. Solenoidi ikiwa imevuta, matundu hayo mawili yapaswa kulingana na keekee ipite. Yasipolingana, legeza, panga, kaza. Ukiwa na mita ya ampea, hakikisha baada ya kuvuta inarudi kwenye ampea 1 au 2.

Ikiwa solenoidi inalia lakini gari halibadiliki, njoo kwenye oili. Ovadraivu hunywa oili ya giaboksi, na ikipungua, pampu ya ovadraivu huanza kuvuta hewa wakati giaboksi yenyewe bado haijalalamika. Kwa hiyo pima oili kabla ya kupima kingine chochote. Baada ya kumwaga na kujaza upya, endesha kidogo kisha upime tena, kwani ovadraivu huchukua fungu lake ikishaanza kuzunguka. Safisha pia chujio kilichoko chini yake. Nyingi hazijaguswa kwa miaka.

Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Kitabu cha MGB za gia nne zenye kulainishwa zote kinataka oili ya injini ya 20W-50, wakati TR hutumia oili nzito ya gia, na ni busara kuchagua yenye alama ya GL4, kwa sababu baadhi ya zile za GL5 hula shaba iliyomo ndani ya giaboksi. Zile chupa za dawa za kupunguza msuguano zinazouzwa madukani, ziache zilipo. Klachi ya pia inaishi kwa msuguano. Ukiuondoa, umenunua utelezi kwa pesa yako mwenyewe.

Ikiwa oili imetimia na bado haiingii, fundi afunge geji ya shinikizo. Aina ya A hufanya kazi kwa kiasi cha pauni 400 kwa inchi ya mraba, kutegemea gari, na kitabu cha fundi kitataja kipimo cha gari lako. Shinikizo likikosekana kabisa, tazama pampu na valvu zake. Likiwepo gari likiwa baridi kisha likashuka likipata moto, oili inapenya mahali, mara nyingi kwenye mipira ya pistoni au viti vya valvu. Mengi ya hayo hutengenezeka kutoka chini, giaboksi ikiwa mahali pake.

Sasa tufike kwenye kosa moja linalogeuza tatizo la pauni chache kuwa hasara kamili. Ni pale ovadraivu inapoingia vizuri lakini haitaki kutoka.

Ndani ya ovadraivu mna klachi ya upande mmoja, inayozunguka bure upande huu na kukaba upande ule. Ovadraivu ikiwa imeingia, gari likienda mbele, klachi hiyo huzunguka bure na hakuna shida. Ukirudi nyuma katika hali hiyo, inakaba wakati gia zinataka izunguke, na kitu lazima kivunjike. Mtanzania mmoja anayeishi huko, ambaye safu hii inamfahamu, alinunua TR6 ambayo muuzaji wake alimwambia bila kumficha kwamba ovadraivu "wakati mwingine huchelewa kutoka". Akaona ni jambo dogo, hata punguzo hakuomba. Wiki ya pili akafika nyumbani, akaweka rivasi aingize gari kwenye banda. Anasema kelele aliyoisikia ilikuwa moja tu.

Ovadraivu isipotoka, simamisha gari mahali ambapo utaondoka kwa kwenda mbele, au lisukumwe mbele. Chomoa waya wa solenoidi. Ikitoka, tatizo ni umeme uliobaki, pengine swichi au rilei iliyong'ang'ania. Isipotoka, katika aina ya A tazama kama ule mkono umerudi, kisha itoe valvu na uangalie kitundu chake chembamba kinachopitisha oili kurudi. Uchafu kidogo tu hukiziba. Ikiwa gari limekaa muda mrefu bila kutumika, au ovadraivu imetengenezwa karibuni, huenda klachi ya pia imenata kwenye pete yake. Vitabu vya mafundi vyenyewe vinaruhusu kuigonga pete hiyo kutoka chini kwa nyundo ya ngozi, mapigo machache ya haraka. Si dawa ya kubahatisha, lakini iwe nyundo ya ngozi, si ya chuma.

Dalili nyingine ya kuogopa huonekana hata ovadraivu ikiwa imezimwa: gari linakwenda mbele vizuri, lakini rivasi inateleza, na ukiachia mafuta kwenye mteremko injini haizuii gari. Hapo klachi ya pia imechakaa au springi zimechoka, na lazima kitu chote kishuke. Kwa TR giaboksi hutolewa kupitia ndani ya gari baada ya kung'oa viti na kifuniko cha kati. Kwa MGB kazi ni kubwa zaidi, kwani injini na giaboksi hutolewa pamoja.

Turudi kwenye fedha. Tuseme MGB nzima ni pauni 9,000, na muuzaji anakubali kukata 1,200 kwa ajili ya ovadraivu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Ikiwa haikulia, lakini ililia kwa waya wa betri, umelipwa pauni 1,200 kwa kubadilisha waya na swichi. Ikiwa rivasi inateleza, punguzo hilo huenda lisitoshe, maana mishahara ya mafundi wa Uingereza inajulikana, na injini haitoki kwa nusu saa. Kwa anayeuza, hesabu ni hiyo hiyo kwa kinyume: nusu saa na taa ya majaribio kabla ya kuandika tangazo.

Wanaotazama magari yaliyorudishwa kutoka Marekani, ambako TR6 nyingi ziliuzwa zikiwa mpya, wachungulie chini kabla ya kuamini swichi. Ovadraivu ilikuwa ya kuagizwa na kulipiwa zaidi, na wengi hawakuilipia. Lipo gari lenye swichi safi kabisa ambayo haikuunganishwa na kitu.

Mwisho, jaribu barabarani likiwa moto. Ovadraivu iliyochoka huweza kufanya kazi vizuri kwa dakika kumi za mwanzo, na muuzaji anazijua dakika hizo. Omba nusu saa, ingiza na utoe mara nyingi katika gia ya tatu na ya nne. Akikuambia petroli ni kidogo, mwekee lita tano wewe mwenyewe.